Fondesheni ya kwanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mtoto wa mama mdogo alinipigia simu wiki mbili kabla ya sendofu ya dada yake. Anataka kujipamba mwenyewe, hajawahi kushika brashi, na hela aliyonayo inatosha kitu kimoja cha maana. Nikamwambia anunue fondesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima ili ngozi ionekane sawa. Wanja hata wa kuazima unapakika, lakini fondesheni ya kuazima ni uso wa mwenzio.

Ya kwanza kwangu ni fondesheni ya maji isiyong'aa, ya chupa ya kubonyeza. Inamvumilia anayejifunza: ukizidisha unaifuta, ikipungua unaongeza. Anza na tone la ukubwa wa punje ya njegere, uligawe paji la uso, mashavu na kidevu. Lowesha sponji, ikamue mpaka isidondoshe maji, kisha gongagonga. Usiburuze kama unayepiga deki. Chenji ya fondesheni ndiyo inunue hiyo sponji, na uioshe kwa sabuni kila wiki, maana uchafu wake unarudi usoni na kuleta chunusi.

Kazi kubwa ni rangi, na hapo niliumia mwenyewe. Dada wa duka alinipaka nyuma ya kiganja, chini ya taa nyeupe, akanichagulia iliyonizidi weupe kidogo, "utatakata zaidi". Kwenye picha za arusi uso ukatoka kama nimejipaka majivu, shingo iko peke yake. Kiganja hakina rangi ya uso. Chora mistari mitatu ya rangi tatu tofauti kwenye taya, ukielekea shingoni, toka nje juani, zunguka mtaa dakika kumi. Fondesheni nyingine zikikauka zinakolea. Ule mstari usiouona tena ndio wako. Na ujivu hauletwi na weupe peke yake: ngozi yako ikivuta unjano au wekundu, na fondesheni ikakosa hiyo rangi, itakupaukia hata ikiwa nyeusi ya kutosha. Muuzaji akisema "hii ndiyo nyeusi ya mwisho", mshukuru uondoke. Tangu Fenty Beauty, vipodozi vya mwanamuziki Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40, kampuni nyingi zimeongeza rangi za ngozi zetu.

Ikiwa unaitaka kwa shughuli ya usiku yenye picha za mwanga mkali, iepuke yenye kinga kubwa ya jua. Madini ya zinki na titani yaliyomo yanaweza kurudisha mwanga wa kamera, ukaonekana mweupe kuliko biharusi.

Ya pili ni poda fondesheni, ile ya kikopo chenye kioo. Kusema kweli, kama hauendi shughulini na unataka tu kufika kazini huna mafuta puani, ipandishe iwe ya kwanza. Joto la Dar linaipenda, na haihitaji ujuzi. Ila ngozi kavu isiiguse bila losheni, itagandia kwenye mabaka.

Ya tatu ni ya stiki. Inakaa vizuri kwenye pochi, lakini ni nzito, na mkono wa mgeni haiitandazi sawasawa. Ichukue kwa kufunika madoa ya chunusi tu.

Ya mwisho kabisa ni lile boksi kubwa lenye kila kitu, rangi za kope kama sanduku la kalamu za shule. Fungua uone sehemu ya fondesheni: vidonge vitatu vidogo, vyote vya ngozi nyeupe. Kariakoo limejaa haya.

Chochote utakachochagua, tazama alama ya kikopo kilichofunguliwa: 12M maana yake miezi 12 tangu ulipokifungua. Na ikiahidi kukung'arisha ngozi moja kwa moja, irudishe. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na fondesheni kazi yake si mkorogo.

Mdogo wangu alichukua ya maji, ile aliyodhani imemzidi weusi. Siku ya sendofu, saa kumi jioni, akanipigia kwa video, uso karibu uingie kwenye simu.

"Dada, mbona haionekani?"

"Hiyo hiyo. Sasa kapake wanja."