Germane au relevant: lipi litumike wapi?

Maneno haya mawili ya Kiingereza hutafsiriwa "-enye kuhusiana na jambo", lakini asili zake ziko mbalimbali.

Germane ni neno la ukoo. Mzizi wake ni germanus la Kilatini, yaani ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, wale wa toka nitoke. Hermano, "kaka" kwa Kihispania, limetokana na hilohilo. Kiingereza kililipata kupitia Kifaransa likiwa na maana ya udugu, kisha hoja nazo zikapewa nasaba: hoja inayohusiana na jambo ikaonekana kama ndugu yake. Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare tayari analitumia hivyo. (Jina la Wajerumani halimo katika ukoo huu.)

Relevant limetokana na relevare, kuinua au kupunguza mzigo, na lilikomaa kwenye sheria za Uskoti.

Kwa kazi za kila siku tumia relevant: hukaa vizuri kabla ya nomino, na kinyume chake, irrelevant, kipo tayari. Germane ni rasmi zaidi, hupenda kuja baada ya kitenzi na kufuatwa na to: "not germane to the case" (haihusiani na kesi). Kuliunganisha na for au with ni kosa la kawaida. Mkazo uwe silabi ya pili, je-MEIN. Ukiuweka ya kwanza, msikilizaji atadhani unamtaja Mjerumani.

Kuna mahali hayabadilishani kabisa. Seneti ya Marekani ikishapiga kura ya kufunga mjadala, marekebisho ya muswada lazima yawe germane, kipimo kikali kuliko relevant.