Uzoefu wangu na rsync baada ya miaka mitatu

Zamani kuhamisha mafaili kati ya kompyuta zangu mbili nilikuwa nakufanya kwa mkono. Ya mezani ndiyo ninayohariria rekodi za mahojiano, laptopu ndiyo ninayotembea nayo. Kila jioni mambo yalikuwa yale yale: nakili folda, bandika, dirisha linachomoza kuniuliza kama nibadilishe faili lililopo, nami sikumbuki lipi ni la leo na lipi ni la wiki iliyopita. Mwisho nachoka, nabonyeza ndiyo kwa yote, halafu silali vizuri.

Sasa ni mwaka wa tatu natumia rsync, programu ya kunakili mafaili kutoka folda au kompyuta moja kwenda nyingine, na kule sirudi. Naandika haya kwa sababu watu wengi wakisikia ni programu isiyo na vitufe wala picha, ya kuandika amri tu, wanaikimbia kabla hawajaijaribu. Hata mimi niliiogopa. Leo ni programu ninayoitegemea kuliko nyingine yoyote niliyo nayo, ingawa iliwahi kuniliza.

Amri yangu ya kila siku ni hii:

rsync -av Rekodi/ mezani:Rekodi/

"Mezani" ni jina nililoipa ile kompyuta nyingine kwenye mipangilio ya ssh, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Nukta mbili baada ya jina ndizo zinazoiambia rsync kwamba folda iko kwenye mashine nyingine, na data yote hupita ndani ya ssh ikiwa imefichwa. Herufi a hulinda tarehe, ruhusa na viungo vya mafaili, na huingia mpaka folda za ndani kabisa. Herufi v huniandikia jina la kila faili linalosafiri. Kwa kawaida rsync haisomi mafaili yote kutoka mwanzo; hulinganisha ukubwa na tarehe ya mabadiliko, na vikilingana inapita. Ndiyo maana folda yenye maelfu ya mafaili humalizika ndani ya sekunde chache kama sijagusa kitu.

Lakini kilichonifanya niipende ni faili moja tu. Barua pepe zangu zote ziko kwenye faili moja la gigabaiti 3, na kila siku linaongezeka kidogo. Kwa njia yangu ya zamani ilibidi lihame lote, kila siku, kwa sababu ya barua chache. Mara ya kwanza kulipitisha kwenye rsync nilikaa nikitazama skrini nikidhani imekwama. Ilipomaliza, mistari ya mwisho ilionyesha kuwa zimetumwa megabaiti 9 na ushei, zikapokewa kama nusu megabaiti, na mbele ya neno speedup, yaani faili lote ni mara ngapi ya kilichosafiri, kulikuwa na tarakimu inayokaribia 300. Nilifungua barua upande wa pili, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwepo.

Nikataka kujua inawezekanaje, maana kompyuta mbili hazionani. Jibu ni kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, walioitoa rsync mwaka 1996. Tridgell akaieleza kwa kina kwenye tasnifu yake ya udaktari Australia mwaka 1999. Anayeanza kusema ni yule anayepokea. Huligawa faili lake la zamani vipande vipande, na kwa kila kipande hufanya hesabu mbili fupi za kukitambulisha, moja nyepesi na moja nzito, kisha huzituma hizo hesabu tu. Anayetuma hupitia faili jipya baiti kwa baiti akitafuta vipande vinavyolingana na hesabu hizo. Hesabu nyepesi huchuja haraka, nzito huthibitisha. Palipolingana husema tu "hiki unacho, kichukue kwako", na husafirisha yale mapya peke yake. Hata ukiongeza neno mwanzoni kabisa mwa faili na kusukuma kila kitu mbele, vipande bado vinapatikana. Kwa kweli sijaona wazo zuri kama hili kwenye programu yoyote ninayoitumia.

Sasa lile lililoniliza.

Mwaka wa kwanza niliamua kuhifadhi rekodi kwenye diski ya nje. Diski ilikuwa na folda tatu: Rekodi, Picha na Maandishi. Nilitaka faili nililolifuta kwenye laptopu lifutike na kwenye diski, nikaongeza --delete. Niliandika hivi:

rsync -av --delete Rekodi/ /media/diski/

Tazama ule mkwaju, alama ya /, baada ya neno Rekodi. Bila mkwaju, maana yake ni "chukua folda hii uiweke mle". Ukiwepo, maana yake ni "chukua vilivyomo ndani ya folda hii uvimwage mle". Kwa hiyo niliiambia rsync kwamba diski nzima ifanane na yaliyomo ndani ya Rekodi, na chochote kingine kisichokuwamo humo kiondoke. Haikuniuliza. Ilianza kuandika neno deleting, mstari juu ya mstari, Picha hii, Picha ile, kisha Maandishi. Nilibonyeza Ctrl na C kuisimamisha, mkono ukitetemeka, lakini Maandishi yalikuwa yamekwisha ondoka. Picha nilikuwa nazo kwingine. Mahojiano manne niliyoyaandika kwa kuyasikiliza neno kwa neno, kazi ya wiki mbili, hayakuwa kwingine kokote.

Rsync ilitii nilichoandika. Hata hivyo naamini kabisa kwamba alama moja isiyoonekana vizuri kwenye skrini haikupaswa kubeba uzito mkubwa namna hii, na yeyote anayemfundisha mwenzake rsync aanze na mkwaju kabla ya kumtajia --delete.

Tangu siku ile siandiki --delete bila kutanguliza -n. Herufi hiyo huifanya rsync iseme yote ambayo ingefanya bila kugusa chochote. Nikiongeza na i, kila mstari huanza na alama zinazonieleza sababu: kama ukubwa umebadilika, kama ni tarehe tu, na faili la kufutwa huandikiwa *deleting. Nasoma, nikiridhika nafuta n na kurudia amri. Pia natumia --backup pamoja na --backup-dir, ili kilichofutwa au kubadilishwa kihamishiwe kwenye folda ya pembeni badala ya kupotea moja kwa moja.

Jambo la pili ni mwelekeo. Watu wengi husema rsync inasawazisha, wakidhani inaangalia pande zote mbili na kuchagua lililo jipya. Sivyo. Ina upande mmoja wa kutoka na mmoja wa kwenda, na upande wa kutoka ndio unaoshinda. Faili likitofautiana, huandikwa upya hata kama la upande wa pili ndilo la karibuni zaidi. Kuna herufi u inayozuia kuandika juu ya faili jipya zaidi, na inasaidia, ila haijui la kufanya ukihariri faili moja pande zote mbili siku moja. Kwa kazi hiyo ipo programu ya Unison, unayoweza kuitumia kwa amri au kwa madirisha, na hukuuliza pale mafaili yanapogongana. Mimi nimejiwekea utaratibu wa kuhariri kwenye mashine moja tu kwa siku.

Mengine ni madogo. Mtandao ukikatika katikati ya faili kubwa, rsync hutupa kipande kilichokwisha fika, isipokuwa umetumia P kubwa, weka P. Ukibadilisha jina la folda haielewi kuwa ni ile ile, itatuma yote upya, na mimi nilituma gigabaiti 40 mara mbili kwa sababu hiyo. Mafaili yaliyobanwa kwa gzip au yaliyofichwa kwa nywila mara nyingi hayafaidiki na ule ujanja wa vipande, kwa kuwa badiliko dogo hugeuza karibu kila kitu kinacholifuata. Na diski zinazotumia mfumo wa mafaili uitwao FAT, kama baadhi ya flashi, hutunza saa kwa hatua za sekunde mbili, hivyo kila kitu kinaweza kuonekana kimebadilika; --modify-window=1 hulitatua.

Sasa amri yangu iko kwenye cron, programu inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa, na huamka saa nane za usiku, wakati sipo mbele ya skrini. Asubuhi nafungua kumbukumbu ya usiku, na kabla ya jambo lolote natafuta kwanza neno deleting.