Bustani ya mimea ya Pugu: chumba cha mbegu ndicho kinachostahili safari

Mkazi wa Dar es Salaam akitajiwa bustani ya mimea, mawazo yake huenda mjini, kwenye ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kujaribia mazao ya biashara. Ninayoieleza hapa ni bustani ya kijamii iliyoko Pugu, inayotunzwa na wakazi wenyewe, na mimea yake mingi ni ile inayoishia chunguni: mchunga, mgagani, mnafu, fiwi, njugu mawe. Unashuka daladala Pugu Kajiungeni, kisha unapanda bodaboda. Kiingilio ni shilingi 2,000.

Eneo la miti ni la kawaida tu. Mlonge, mkwaju na mwarobaini imepandwa kwa mistari, vibao vingi vimefutwa na mvua, na penye maandishi utakuta jina moja, ilhali mmea mmoja hubadili jina kila unapovuka mkoa. Hata hivyo, nilimheshimu mama anayetembeza wageni alipokataa kumtajia kijana mmoja kipimo cha kunywa majani ya mwarobaini, akimweleza kwamba kuitwa mwarobaini ni sifa waliyoupa wazee, na kwamba kipimo akaulizie hospitali.

Uzuri wa mahali hapa umo katika chumba kidogo cha mbegu kilichojengwa chini ya kivuli cha mwembe. Kunde na choroko huchanganywa na majivu yaliyochekechwa, hujazwa kwenye chupa mpaka shingoni ili hewa ibaki kidogo, kisha hufungwa zisibunguliwe. Kabla mbegu hazijatolewa kwa mtu, kumi huviringishwa katika kitambaa chenye unyevu, na zikiota chini ya saba, chupa nzima huondolewa. Fenesi na embe hutazikuta humo, kwa kuwa mbegu zake zikikaushwa hufa; hizo hutunzwa kama miche kwenye viriba. Asiye na fedha hukopeshwa kopo moja la mbegu na kurejesha mawili baada ya mavuno, utaratibu ambao kwa maoni yangu ni bora kuliko kuuza, kwa sababu mbegu hiyo hubaki ikilimwa kwenye mashamba mengi badala ya kuzeeka rafuni.

Nina lawama moja. Mwezi Juni nilinunua pakiti ya mgagani kwa shilingi 1,000, nikasia tuta zima nyuma ya nyumba, na halikuchipua hata jani. Niliporudi kulalamika nilielezwa kwa upole kwamba mbegu ya mgagani iliyovunwa karibuni hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Maelezo ni ya kweli, kwani mbegu zilizosalia katika pakiti ileile nilizisia mwanzoni mwa vuli na zikachomoza siku ya tano; lakini mnunuzi angejuaje, wakati pakiti haikuwa na tarehe ya kuvunwa? Wanaojua siri ya mbegu namna hiyo hawakupaswa kuiacha mdomoni mwao.

Anayetafuta mandhari ya kupigia picha za harusi atafute kwingine. Mwenye japo ndoo tatu za udongo barazani aende, tena asubuhi, kwa kuwa chumba cha mbegu hufungwa saa sita mchana. Nilipokwenda mara ya tatu, pakiti zilikuwa zimeandikwa tarehe kwa kalamu, isipokuwa zile za mnafu.