Rejesta za MTUHA au mfumo wa kompyuta katika zahanati za Kilolo na Rungwe

Katika zahanati nyingi za wilaya za Kilolo na Rungwe, nchini Tanzania, taarifa za wagonjwa huandikwa katika vitabu vya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya), na kitabu namba 5, cha wagonjwa wa nje, ndicho kinachochakaa upesi. Ubora wake ni dhahiri: hakihitaji umeme, na muuguzi hukijaza hata mvua za masika zinapokata mtandao. Udhaifu wake hujitokeza mwisho wa mwezi, pale mhudumu anapojumlisha wagonjwa wa malaria na nimonia kwa mkono, kisha jumla hizo zikaingizwa upya katika DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya takwimu za afya za vituo vyote, ambako tarakimu moja iliyokosewa hupotosha takwimu za wilaya nzima.

Mfumo wa kielektroniki kama GoT-HoMIS, programu ya serikali ya kuendesha shughuli za kituo cha afya, hupunguza kunakili huko, na historia ya mgonjwa hupatikana bila kupekua makabati. Lakini ujuzi wa kuutumia ukikaa kwa mtumishi mmoja (na mara nyingi ndivyo ilivyo), akihamishwa kituo kizima hurudi kwenye karatasi.

Kwa maoni yangu, hospitali ya wilaya itangulie kuhamia kwenye kompyuta, ilhali zahanati isiyo na umeme wa uhakika ibaki na rejesta, mradi angalau wahudumu wawili wajue kuzijumlisha.