Meza ya bibi imerudi inang'aa, na mimi nimekasirika

Niliomba vitu viwili tu: droo iliyokuwa inakwama irekebishwe, na kitasa chake cha shaba kifunguke. Uso wa meza nilisema usiguswe. Nilisema mara mbili, mbele ya fundi na mbele ya mwenye karakana. Imerudi imepigwa msasa wa mashine kote, ikapakwa vanishi ya plastiki inayong'aa kama sakafu ya vigae.

Kwa asiyezijua meza za aina hii, ni meza ndogo za kike zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, za kushonea na kuandikia. Juu kuna ubao wa kuandikia unaoinuka kwa bawaba, droo ina vyumba vidogo vya uzi, sindano na wino, na chini unaning'inia mfuko wa hariri wa kutunzia nguo inayoshonwa. Hii bibi mzaa mama aliinunua mnadani hapa Dar, miaka ile ya uhuru. Kwenye ukingo wa mbele alichora alama mbili kwa ncha ya mkasi. Kutoka moja hadi nyingine ni mkono mmoja kamili, yaani nusu wari, inchi 18. Hapo ndipo alipopimia kitambaa cha kila gauni la nyumbani, na mama naye akapimia hapo hapo.

Alama hizo hazipo tena.

Nilipomwonyesha mwenye karakana, hata kwenye kiti hakuinuka. "Dada, ilikuwa imechakaa, tumekung'arishia. Au hiyo mikwaruzo ndiyo ulikuwa unaitaka?" Ndiyo. Hiyo hiyo.

Uso wa meza hii si mbao nzima. Ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao, ya mahogani iliyogandishwa juu ya msonobari. Vinia ya zamani ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, unene wake milimita 2 hivi, na msasa wa mashine huanza kuimaliza pembeni kwa sababu ndipo mashine inapolalia. Kona ya kulia imekwisha mpaka msonobari mweupe unaonekana, nao wakaufunika kwa rangi ya kahawia. Vinia ikishaliwa hairudi.

Na gundi! Pale vinia ilipokuwa imeachia wamemimina gundi nyeupe juu ya ile ya zamani iliyotengenezwa kwa ngozi ya wanyama, bila kwanza kuitoa kwa maji ya moto. Haikushika, wakagongelea vimisumari vya chuma. Kwa hewa yetu ya bahari vitaota kutu na kutia madoa meusi. Gundi ya ngozi hulainika kwa joto na maji, ndiyo maana fundi yeyote aliweza kuifungua na kuirudishia upya.

Kupima ilikuwa na polishi gani kungechukua dakika moja. Unachovya pamba kwenye spiriti, unaigusisha mahali pa kificho, chini ya ubao. Polishi ikilainika na kunata, ni shelaki, ile polishi ya zamani ya utomvu wa wadudu, na shelaki haikwanguliwi. Unasafisha, kisha unapaka nyingine, gramu 250 kwenye lita 1 ya spiriti, kwa kitambaa laini kilichofungiwa pamba ndani, tabaka jembamba jembamba.

Nilitaka kuandika kwamba asiende mtu pale kabisa. Lakini siwezi kumdhulumu kijana aliyeshika droo. Alijua imevimba kwa unyevu wa masika, hakukimbilia randa. Aliiacha ndani ikauke taratibu, akasugua mshumaa kwenye kingo zinazoteleza. Kitasa alikifungua, akakisafisha, akaweka springi mpya na kurudishia skrubu zilezile za zamani. Kijana huyo ningempa kazi kesho, na kwa ajili yake nilikuwa tayari kuipa karakana maksi za wastani.

Nimeivuta droo sasa hivi. Inateleza vizuri mno. Kisha nikapitisha kidole ukingoni, laini kabisa, hakuna kitu.

Hapana, msipeleke meza pale. Mkilazimika, chomoeni droo na kitasa, mkabidhini yule kijana mkononi, meza yenyewe ibaki nyumbani.