Ndege ya Mtwara–Dar: saa moja ya angani, na saa nyingine zinakokwenda

Ukiuliza Mtwara na Dar es Salaam zimeachana kiasi gani, utapewa majibu mawili na yote ni kweli. Kwa barabara ni kama kilomita 560. Kwa ndege, hadi Uwanja wa Julius Nyerere, ni kama kilomita 400, maana rubani hazunguki Mingoyo, Nangurukuru na Kibiti. Anakata baharini na kuziacha Lindi na Kilwa kushoto.

Programu nyingi za kupima umbali hupiga hesabu kwa mwendo wa jeti, zikakuambia nusu saa. Usipange ratiba kwa hesabu hiyo. Njia hii hutumia sana ndege za pangaboi: ATR 72 huenda kama kilomita 500 kwa saa, Q400 huzidi 600. Ukijumlisha kupaa, kushuka na kutembea ardhini, Q400 huchukua kama saa moja, ATR saa moja na robo. Tofauti hiyo haistahili kuongezewa nauli. Linalostahili kuangaliwa kwenye tiketi ni kama ndege inakwenda moja kwa moja. Ikitua mji mwingine kwanza, saa moja haipo tena.

Kwa mkazi wa Mtwara mjini safari hii ina faida ya wazi. Uwanja uko karibu, bajaji inakufikisha mapema. Weka saa moja na nusu ya ukaguzi na kusubiri, saa moja ya angani, kisha saa moja au zaidi ya foleni ya Barabara ya Nyerere: kama saa nne hadi tano. Basi ni saa nane hadi kumi.

Kwa mtu wa Lindi hesabu inageuka. Atasafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda kusini ndipo arudi kaskazini kwa ndege. Kama mwisho wa safari yake ni Mbagala, apande basi tu. Litamshusha karibu na kwake, kwa pesa kidogo na kwa muda usiopishana sana. Ndege imfae anapounganisha safari. Hata hapo aache saa tatu au zaidi, kwani ndege za ndani hushukia jengo la pili na za kimataifa huondokea jengo la tatu, na mzigo huenda akauchukua na kuukabidhi upya.

Mzigo ndio unaowaponza wengi. Tiketi ya kawaida mara nyingi huruhusu kilo 23 za kukabidhi na 7 za mkononi, lakini zipo tiketi za bei ya chini zenye masharti mengine, kwa hiyo soma kabla ya kulipa. Korosho zilizobanguliwa kilo tano mkononi zinakuachia kilo mbili tu za kompyuta na nguo. Pima nyumbani. Samaki wakavu wafunge plastiki mbili, kisha boksi gumu lenye gundi kila kona; boksi laini likipasuka, harufu huingia mizigo ya wenzako.

Ukienda Dar, omba dirisha la kushoto. Mabawa ya ndege hizi yako juu ya madirisha, hayakuzuii kuona chini. Mawingu yakiwa machache, baada ya Kilwa utaona Rufiji ikigawanyika vijito katikati ya mikoko na maji ya udongo yakiingia baharini. Mafia iko kulia, ambako jua la asubuhi hupiga machoni.