Riwaya zinazosimulia upya hadithi za zamani, na za watu wa dini wanaojitenga: anza na ipi

Kitabu kipya siku hizi ni hela ndefu, hasa ukiagiza nje, kwahiyo mi kabla sijanunua riwaya inayorudia hadithi ya zamani najiuliza swali moja tu, ile ya zamani naijua tayari au itabidi niisome kwanza? Ndo nimezipanga hivyo.

Namba moja, na hapa sibishani na mtu, ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kiingereza ilitoka 1994, Kiswahili kafasiri Ida Hadjivayanis 2022. Ndani yake kuna kisa cha Nabii Yusuf, ambacho hata asiyewahi kushika riwaya anakijua toka madrasa au sande skuli. Yusuf wa humu ana miaka 12, baba yake kazidiwa na deni, anamtoa mtoto kwa tajiri Aziz. Ukifika pale nguo inapochanika kwa nyuma utajikuta unacheka peke yako, maana unajua ushahidi huo unatoka wapi.

Ya pili James ya Percival Everett, 2024, ikabeba tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya vitabu Marekani, 2025. Ni ile riwaya ya zamani ya Mark Twain, Huckleberry Finn, ila sasa msimuliaji ni Jim, yule mtumwa. Kuna mahali anawafundisha watoto kuongea kibovu mbele ya wazungu: jiko la mama mwenye nyumba likishika moto usiseme "moto", zungukazunguka mpaka auone mwenyewe, maana mzungu lazima awe wa kwanza kujua. Ya Twain ipo bure kabisa Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, usiinunue.

Tatu, Women Talking ya Miriam Toews, 2018. Hapa tunaingia kwa watu wa dini wanaojitenga, ni Wamennonite, Wakristo wa Bolivia, na usiwachanganye na Kanisa la Mennonite la kwetu Musoma, wale wa Bolivia wamejitenga, hawataki umeme wala magari. Wanawake walikuwa wanapuliziwa dawa ya usingizi ya mifugo usiku wanabakwa, na hayo yalitokea kweli, sio ya kutunga, kwahiyo kama roho yako nyepesi iache kwanza. Kwenye riwaya wanaume wameenda mjini kuwawekea watuhumiwa dhamana, huku nyuma wanawake wanapiga kura wabaki, wapigane au waondoke, na kwa kuwa hawajui kusoma kura zenyewe ni michoro. Ya kuondoka imechorwa makalio ya farasi!

Wale wapenzi wa mapenzi-mapenzi ya Waamishi, Wakristo wengine wanaojitenga, wa Pennsylvania kule Marekani, The Shunning ya Beverly Lewis (1997) inatosha, binti anakaribia kuolewa na askofu, mara anakuta darini gauni la kitoto la satini, kitambaa cha anasa kwa watu kama hao. Nunua mtumba tu, kwanza ni ya kwanza kati ya tatu, utajikuta unadaiwa mbili.

Mwisho Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, 1966, maisha ya yule mke aliyefungiwa darini kwenye Jane Eyre, riwaya ya zamani ya Charlotte Brontë, tangu utoto wake Jamaika. Kwa uandishi ingekuwa namba mbili, ila bila Jane Eyre utapotea njiani. Na mtumba wa barabarani kagua kurasa za mwisho kabla hujatoa hela jamani, yangu ilikatika pale pale anaposhika mshumaa. Bahati nzuri Jane Eyre nilishaisoma, nikajua nini kimeungua.